Bunduki Nzito

"Hiyo rudisha," mzee wa ghala la silaha alimwambia. "Leo hutaitumia."

Askari mpya alishtuka. Bunduki ile nyepesi ndiyo aliyofundishiwa kwa wiki tatu, tangu siku aliyoshika silaha kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ilimtia adabu. Bega lake la kulia lilivimba hata akawa halali ubavu huo.

Alikuwa na miezi mitano tu katika gereza lile, tena upande wa wanawake, kazi yake kufunga na kufungua milango. Kisha mmoja wa wapiga risasi sita wa hukumu za kifo akavunjika mguu, na sheria inataka sita, si watano. Mkuu wa gereza akawajaribu askari wote, wake kwa waume. Yeye, mgeni wa bunduki, akapasua katikati ya karatasi mara nne kati ya tano. Kuna mikosi huja na makofi, na siku hiyo alipigiwa makofi mengi.

Kukataa kulimaanisha kuvua sare, na nyumbani kwao mshahara ulikuwa wake peke yake. Kukubali nako kulikuwa na mambo yake. Mama mkwe wake, aliyekuwa akimlea mtoto wao wa miezi kumi, alisema neno moja tu na hakulirudia: "Mkono utakaoua hautamshika mjukuu wangu." Mumewe aliinamisha kichwa. Mama yule hakuwa mtu wa maneno mawili.

Kwa hiyo asubuhi hiyo alikuja na ombi lake kooni. Alidhani amewahi, kumbe wanaume watano walikwisha fika. Aliwakuta wamejipanga ukutani nje ya ghala, macho mekundu. Aliyehukumiwa aliwashonea sare kwa miaka kumi na mmoja kwenye karakana ya gereza, na wote walimwita mjomba. Askari mpya hakumjua. Alimwona mara moja tu, alipompunguzia suruali.

"Shemeji," mmoja alimtania bila kucheka, "usije ukatulenga sisi."

Ndani, mzee alikuwa peke yake na bunduki zake. Yeye ndiye aliyezijaza risasi, nyuma ya pazia, bila shahidi. Ndiyo desturi ya kazi hiyo: bunduki moja haifanani na zile nyingine, na hakuna ajuaye ni ipi, ili kila mtu arudi kwake akijiambia kwamba si yeye. Kuna risasi za moto, na kuna risasi baridi, ambazo ni mlio na moshi tu.

"Mzee wangu," alisema. "Nakuomba. Yangu iwe ya baridi. Nina mtoto mchanga."

"Hilo haliombwi, mwanangu."

"Najua haliombwi. Nakuomba hivyo hivyo."

Mzee aliipokea ile nyepesi. Alikuwa na uso wa mtu aliyezika wengi na hakumlilia hata mmoja. Kisha akaenda kwenye rafu ya mwisho, akarudi na bunduki ndefu, nzito, yenye mpira mnene kwenye kitako. Akaipima kwenye mkono wake kama fundi nguo anavyopima mkono wa shati.

"Nyepesi ina hasira, humrudia mwenyewe," alisema. "Hii itakustahi. Utaiegemeza kwenye mfuko wa mchanga, uzito wake usikusumbue. Vuta pumzi, itoe nusu, kisha bonyeza taratibu. Usikwepeshe. Mkuu anaangalia mitutu, ukilenga pembeni atakujua."

"Na nitajuaje kama..."

"Ya moto unaijua, imekuvimbisha. Ya baridi ni kama mtu amekugusa tu." Akainamia daftari lake. "Mimi sijakuambia kitu. Bega lako ndilo litakalokuambia."

Alitaka kumbusu mkono mzee yule.

Uani walipiga magoti nyuma ya mifuko ya mchanga. Mshonaji alikuwa amefungwa kwenye kiti, kitambaa usoni, karatasi nyeupe kifuani. Alikuwa akisema kitu, labda anaomba, labda anawaaga. Askari mpya hakutaka kusikia. Alivuta pumzi, akaitoa nusu. Mkuu alipoangusha mkono, akabonyeza taratibu, kama alivyofundishwa.

Mlio ulikuwa mmoja. Na bega lake? Liliguswa tu. Mpira ulimsukuma kidogo, kwa upole, basi. Moyo ulimruka kwa furaha, akaona aibu kufurahi mahali kama pale, lakini furaha haikumsikiliza. Jioni angembeba mwanawe mbele ya mama mkwe, na angemtazama machoni bila kupepesa.

Walipanga foleni kwenye dirisha la ghala kurudisha silaha, yeye akiwa wa mwisho. Wa kwanza aliingiza bunduki yake, akainama dirishani.

"Ahsante, mzee," alinong'ona. "Umenistiri."

Askari mpya akatabasamu. Hata wanaume wana adabu zao.

Wa pili akainama. "Ahsante, mzee. Sitakusahau."

Wa tatu alishindwa kusema, alikuwa analia. Alimshika mzee mkono, akaubusu. Wa nne naye akaubusu. Wa tano alisema, "Mjomba wangu, mzee. Ningewezaje?" Mzee akamgongagonga begani na kupokea bunduki yake.

Ilibaki ile nzito. Alikuwa bado ameikumbatia daktari alipotoka uani, akivua glavu, karatasi kwapani.

"Tia sahihi hapa, mzee," alisema. "Jeraha ni moja tu, katikati ya moyo."