Shahidi wa Bi Nakijwa

Siku hizi, ili watoto wasiuziwe ugoro, duka humpigia simu mtu aliyekuona ukizaliwa, naye husema, "Namjua, ni mtu mzima." Bi Nakijwa ana miaka sabini na miwili. Shahidi wake pekee alikuwa dada yake, Namsifu, na Namsifu wamemzika Jumanne.

"Mvi zote hizi hazitoshi?" alifoka dukani.

"Mimi naziona, bibi," alisema Elineema, mwenye duka. "Lakini kabati la ugoro hufunguliwa na mashine."

Mashine ikampigia Namsifu. Simu ikaita, ikaita, haikupokewa. Kisha mashine ikasema kwa upole, "Mtoto, keti hapo umngoje mkubwa wako."

Bi Nakijwa akaketi kwenye benchi, akakunja kanga magotini, akaikodolea macho njia aliyozoea kutokea dada yake.