Kola ya Mwalimu

Ukipima shingo ya mtu unaweka kidole kimoja ndani ya futi, ili kola imwachie nafasi ya kupumua. Asubuhi ile Mwalimu alijaribu shati lake, na kidole changu kilikataa kupita kwenye kola.

"Umenibania tena, fundi," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo tangu muhula uliopita. Yeye aliilaumu chaki.

Kola ile nilikuwa nimeshaiongeza mara mbili, na mara zote mbili nilimtania kwamba shibe imempanda hadi shingoni. Alicheka, nami nikacheka.

Nikakisukuma kidole. Chini ya taya, upande wa kushoto, kikagonga uvimbe mgumu kama kokwa, hausogei.

"Hapa panauma?"

"Wala. Ndiyo maana sijapajali."

Nikafungua daftari langu la vipimo. Tangu muhula uliopita shingo ilikuwa imepanda inchi moja na nusu. Kiuno, nilichokipima dakika ile ile kwa ajili ya suruali, kilikuwa kimeshuka inchi nne. Mwandiko wote ni wangu.

"Mwalimu, twende hospitali."

Alimeza mate kwanza, macho ameyafumba, kama mtu anayemeza mwiba.

"Baada ya Jumamosi. Namwoza binti yangu, lazima nizungumze. Wewe ongeza kola tu."

Akalivua shati, akaliweka mezani. Nikachukua mkasi, nikaikata kola yote, mpaka mwisho.

"Sasa huna shati la harusi," nikamwambia. "Vaa viatu."