Damu ya Katibu

Siku ya tatu Katibu alipotokwa na damu puani, seremala mstaafu alivaa miwani, akaandika barua yenye mashtaka manne, akampelekea jirani kwa mkono wake mwenyewe.

Jirani alifuga kuku. Katibu alikuwa mbwa, na aliitwa hivyo kwa sababu hakukosa kikao chochote cha nyumbani, ingawa hakuwahi kuchangia hoja. Mwezi uliopita alimla jogoo, na jirani alitamka mbele ya mashahidi kwamba mbwa huyo hatamaliza mwaka.

"Mimi?" jirani alisema, akiikunja barua. "Ningetaka kumuua, mzee, angekwisha kufa. Siku tatu zote hizo za nini?"

Seremala hakuridhika. Watoto walikwisha kuhama; ndani ya nyumba ile Katibu ndiye aliyebaki wa kumsikiliza hadi mwisho wa sentensi. Alimlaza kwenye toroli, yeye na mkewe wakalisukuma hadi kwa daktari wa mifugo. Njiani alisimama mara mbili kuvuta pumzi.

"Pole pole, Baba Pacha," mkewe alisema.

"Ni huzuni tu," alijibu. Mkanda wa suruali alikuwa ameutoboa tundu jipya. Mtu atanenepaje mbwa wake akiwa hoi?

Daktari, binti wa umri wa mjukuu wake, aliwaamkia, akampima Katibu homa, akamfunua ufizi wenye madoa mekundu, akachukua damu. Wakangoja kwenye benchi. Aliporudi hakukaa.

"Chembe za kugandisha damu zimepungua, na chembe nyeupe karibu zimekwisha. Chache nilizoziona kwenye darubini hazina hata umbo lake. Hana askari, mzee. Kikohozi kidogo tu kitamwondoa."

"Sumu ya panya," seremala alisema. "Niandikie hapo, nina kesi."

"Sumu ya panya huzuia damu isigande. Chembe nyeupe haina shida nazo. Hii ni dawa. Dawa ya binadamu, kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Nyumbani mnatumia dawa gani?"

Seremala alicheka. "Binti, nina miaka sabini na miwili, sijawahi kumeza kidonge. Wakinipa natema, muulize huyu. Mwaka huu kanikokota nikapimwa mwili mzima, majibu akayafuata yeye. Mzima kama msumari!"

Mkewe alikuwa akimkuna Katibu sikioni.

"Anakula nini?" daktari aliuliza.

"Mifupa. Makombo. Asubuhi uji."

"Uji?" mke aliinua kichwa. "Uji upi?"

Seremala alikohoa. Kwa miaka arobaini na minne ya ndoa hakuwahi kukosoa chakula cha mkewe, na hakupenda kuanzia mbele ya watu.

"Wangu. Hii miezi mitatu, tangu ubadilishe unga, Mama Pacha, umekuwa na uchungu kidogo. Nikaona nisikuudhi. Yeye analamba hadi bakuli."

Mkono wa mke ulitulia juu ya sikio la mbwa.

"Dawa ya namna hii," daktari aliendelea, "hupewa watu wenye saratani ya damu, chembe nyeupe zikizaliana kupita kiasi, ili zipungue. Mbwa ameipata wapi, sijui, na nyie mtachunguza. Lakini ikikoma leo, uboho wa mifupa yake utaamka. Wiki tatu, atakuwa anakimbiza kuku."

Seremala alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Kisha akamgeukia mkewe ili wafurahi pamoja.

Mkewe hakuwa akimtazama Katibu.

"Daktari," aliuliza, "na mtu mwenyewe aliyeandikiwa, akikaa miezi mitatu bila kuimeza?"