Msiwakalishe Meza Moja

Mama wenzangu mnaosomesha nyumbani, nawaomba, kwenye somo la historia msiwakalishe watoto meza moja. Mnajua kila mwaka tunaletewa historia mpya, na mtu mzima anayeshikilia ile ya zamani huitwa. Wanaoitwa hawarudi.

Mimi nilitaka kupunguza kazi. Nikamkalisha Mwanaidi, wa miaka kumi na miwili, pamoja na mdogo wake Shaweji, wa miaka sita. Kile chombo cha ukutani kinachowafundisha kikamuuliza mdogo, "Kabla ya bwawa, nani walikaa Bonde la Kinyenze?"

"Hapakuwa na mtu," akajibu Shaweji, kama kitabu cha mwaka huu kinavyosema.

Mwanaidi akacheka. "Wee, na bibi alizaliwa wapi? Majini, kama kambare?"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalishatoka. Chombo kikauliza kwa upole, "Mwanaidi, bibi yako yuko wapi?"

Nikawahi mimi. "Alishafariki. Mwaka juzi."

Watoto wakanitazama. Jikoni, mama yangu aliyekuwa anapepeta mchele akaacha kupepeta.

Chombo kilikubali. Tangu siku hiyo mama anatembea peku humu ndani, na akitaka kukohoa anaziba mdomo kwa khanga. Mwanaidi humpelekea chakula chumbani huku analia. Shaweji yeye hushika upesi kila anachofundishwa. Asubuhi anampita bibi yake mlangoni na hampi shikamoo.