Daktari Mbugua Amtambua Mchumba

Wanawake watano walikuwa wameketi chini ya hema, wamefunikwa leso gubigubi, na Daktari Ephantus Mbugua alitakiwa kumtoa mchumba wake hapo kati. Nafasi ni moja tu. Ndivyo ruracio inavyokwenda huku Riruta siku ya mahari: ukikosea unatozwa faini, unachekwa, mnakula.

Ila Waithera alikuwa amemwambia wazi, "Ukikosea, mimi siolewi."

Na hakuwa anatania. Huyu Mbugua ndiye yule daktari wa Upper Hill anayewalaza watu kwenye kochi wamsimulie ndoto zao. Miaka mingi aliwaambia wanaume wa Nairobi jambo lile lile, vitabuni na redioni: hakuna mwanamume anayetafuta mke, kila mmoja anamtafuta mama yake. Wanafunzi wake walimwabudu. Wachungaji walimlaani. Mama yake mzazi alihama kanisa kwa aibu.

Kisha akapenda, maskini, tena akapenda vibaya. Waithera akasema hawezi kuishi na mtu anayemtazama akamwona mama ya mtu. Basi mwezi uliopita daktari alisimama mbele ya madaktari wenzake akakana kila kitu. "Nilikosea," alisema. Leo ilibaki amwonyeshe Waithera kwamba alimaanisha.

Akapita mbele ya viti polepole, mikono nyuma, jasho linamtiririka. Wa kwanza, hapana. Wa pili na wa tatu, hapana. Akina mama wa upande wa daktari walikuwa wamepelekwa ndani kunywa chai.

Kwa wa nne akasimama. Moyo uliokuwa ukimwenda mbio tangu asubuhi ukatulia. Hofu yote ikamtoka. Angepewa mto, angelala papo hapo.

"Ni huyu," alisema. "Hata gizani ningemjua."

"Una uhakika, daktari?" shangazi yake Waithera akamuuliza.

"Sijawahi kuwa na uhakika hivi tangu nizaliwe."

Akafunua leso.

"Pangusa jasho, Ephantus," mama yake akamwambia.

Kwenye kiti cha tano Waithera aliinuka, akaikunja leso yake vizuri, akaingia nyumbani.