Mtandao Mpaka Uani

Jamani, ilikubali! Nilikuwa uani, laptop mapajani, waya hata mmoja hakuna, na barua pepe zinafunguka! Nikapiga kelele ofisi nzima ya Kizota ikasikia. Mkurugenzi alishasema, ikikubali leo, naajiriwa.

Nikakimbia ndani. Mzee Harithi, fundi aliyevuta waya zote za mtandao humo, ambaye kila mtu alimbembeleza ili aunganishiwe, alikuwa amesimama juu ya kiti, chini ya kiboksi changu cha antena, kinachorusha mtandao hewani.

"Shikamoo mzee, imekubali!"

Akakigonga kiboksi kwa koleo lake.

"Kumbe kidude chako kinanyonya kwenye waya wangu."

"Ndiyo mzee, lazima kiunganishwe. Huo huo ndio unaopeleka mtandao kwa mkurugenzi."

"Si mmesema waya zangu hazina kazi tena, nyie wa chuo?"

Akaukata kwa koleo. Taa ya kijani ikazimika.

"Nani kakata mtandao?" mkurugenzi akafoka chumbani kwake.

Mzee akashuka taratibu. Akanishikisha koleo, bado lina jasho la kiganja chake, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja.

"Huyu mtoto wako wa chuo, bosi! Nilimkanya mimi!"

Mlango ukafunguka.