Amri ya Homa

Kila nyumba hapa hupewa mji wa kale wa kutawala kwa maandishi kwenye simu, na amri unayouandikia mji ndiyo sheria ya nyumba yako mpaka Ijumaa. Nimetawala miaka sita bila lawama. Huwa najibu haraka, huku namenya mihogo.

Jumatatu mji uliniandikia: "Mtawala, homa imeingia kwa wafinyanzi. Tufanyeje?"

Nikajibu: "Mwenye homa atolewe nje ya ukuta siku hiyohiyo, awe nani." Mji ukapona. Nikasifiwa.

Jumatano asubuhi mama mkwe akaniita chumbani. "Mama Saumu, hebu mguse mwanao."

Saumu ana miaka minne. Paji lake lilikuwa moto kama jiko.

"Labda ni meno," nikasema.

"Meno ya miaka minne? Na diploma yote hiyo!"

Simu ikalia. "Mtawala, nyumbani kwako yupo mwenye homa?"

Nikaandika hayupo. Nikakosea herufi mara mbili.

"Ahsante, Mtawala. Walinzi wako wanapima nyumba kwa nyumba. Wameshafika kwa jirani."

Kupitia ukuta wa chumba nilimsikia jirani huyo, Mama Shemsa, akiwakaribisha chai. Wakakataa kwa adabu. Mama mkwe akamfunika Saumu kanga mbili mpaka kichwani, na Saumu akaanza kulia.